Msimu Tuliopima Pumzi Zetu

Vijana wa kituoni, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. Mmoja wenu akasema niandike "mafanikio na changamoto". Siku hizi hata mtu akivunjika mguu anaambiwa amepata changamoto. Mimi nitaandika yaliyotokea, na mtayaita mnavyopenda. Vyeo sitavitaja. Nilipandishwa kila walipokosa sababu ya kutonipandisha, na hiyo si hadithi.

Niliripoti kituoni Lushoto nikiwa na stashahada ya misitu, viatu vya kuazima, na barua iliyosema nitakuwa msaidizi wa utafiti. Nyumbani Mlalo mama alikuwa amewatangazia wanawake wote wa kwaya kwamba binti yake Naomi anakwenda kuvaa koti jeupe. Koti lenyewe sikuliona. Nilipelekwa kwenye chumba kilichojaa mimea iliyokaushwa na kubanwa kati ya magazeti ya zamani, nikaambiwa nimsubiri Mzee Shekiondo. Nilisubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, nikipiga chafya kwa vumbi la majani. Alipoingia alikuwa na mundu mkononi na ukoga wa miti mabegani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, Mzee."

Akatoa jani mfukoni, akalivunja katikati, akanisogezea puani. "Nini hiki?"

Nikataja jina la Kilatini nililokuwa nimelikariri chuoni. Nililitaja kwa sauti kubwa, na lilikuwa jina la mti mwingine kabisa.

"Huu ni mkulo," akasema. "Macho yakikushinda, tumia pua. Kesho uje na suruali ndani ya kitenge. Tunapanda."

Makaratasi ya ofisi yalimwita mhudumu wa msitu. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine kuanzia msitu wa Magamba hadi Mlalo aliyeweza kupanda mkulo mkubwa kwa kamba moja, akakaa kwenye tawi kama mtu aliyekaa barazani kwake, na kukutajia kila mti ulioonekana kutoka pale, kwa Kishambaa kwanza, halafu kwa Kiswahili, halafu akakuuliza wewe Kilatini. Alinifundisha kwamba jani la kupima halichumwi kivulini kwa sababu tu liko karibu. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino na ukungu wa Magamba hawajawahi kuelewana. Alinifundisha kwamba mti ukilia kama ngoma ukiugonga kwa ngumi, usiupande, umeoza ndani. Nilipopanda mara ya kwanza wapasua mbao waliokuwa wakipita chini walisimama kunicheka. Mzee akawauliza kama wake zao wanajua kuwa wana muda wa kusimama. Wakaondoka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo mnaisikia kama habari njema tupu, na kweli kulikuwa na wema ndani yake. Maduka ya Lushoto yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni na mafuta. Mitumba ikapanda mlima, tukaanza kuvaa makoti ya watu waliokufa Ulaya, kama walivyosema wazee. Kule Lukozi malori yakaanza kufuata kabichi na viazi shambani, na mkulima aliyelala akiwa na jembe akaamka akiwa na pikipiki. Lakini serikali iliambiwa na waliokuwa wakiikopesha kwamba ina watumishi wengi mno, na sisi wa kituoni ndio tuliokuwa wengi mno. Gari letu liliwekwa juu ya mawe. Karatasi ziliisha, tukaandika nyuma ya fomu za zamani. Orodha ya kwanza ya waliopunguzwa ilisomwa uwanjani mbele ya bendera, kama matokeo ya mtihani, isipokuwa hapa waliosikia majina yao ndio waliofeli. Mpiga chapa alikuwemo, madereva wawili, na mama aliyetupikia chai. Mkuu wa kituo, Bwana Mhina, alituambia kutakuwa na orodha nyingine. Hakusema lini. Tangu siku hiyo kila mtu alianza kufika kazini mapema, hata wale wasiokuwa na kazi ya kufanya.

Hapo ndipo alipofika Dokta Annika.

Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayetembea haraka, mtaalamu kutoka Ulaya. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, lakini salamu alizitoa vizuri; hakuna mkubwa aliyempita bila shikamoo. Alileta sanduku la manjano, na ndani ya sanduku kulikuwa na chombo cha kupimia usanisinuru wa jani. Vijana, ninyi mna vyombo vinavyojiandikia vyenyewe. Kile chetu kilikuwa na sehemu mbili: kikasha cha plastiki angavu chenye taya mbili za kubana jani, na mtambo wa kusomea namba unaoning'inia shingoni mwa mtu. Jani linabanwa ndani ya kikasha bila kulichuma, jua linalipiga, nalo linaanza kula hewa ya ukaa iliyomo. Namba inashuka. Kasi ya kushuka ndiyo kasi ya jani kula. Kazi yote ilikuwa ni hiyo: kubana, kusubiri, kuandika, kubana jingine, kutoka asubuhi hadi jua linapozama nyuma ya mlima, juu ya jukwaa la mbao tulilolijenga kwenye mkulo na kwenye mti wa mshihwi uliokuwa jirani yake.

Nilimuuliza namba hizo zinakwenda wapi. Akanichorea kwenye daftari. Huko kwao walikuwa na kompyuta kubwa, na ndani yake walikuwa wametengeneza dunia ya hesabu, waliyoiita modeli: mvua yake, pepo zake, bahari zake, na mimea yake. Dunia hiyo imegawanywa miraba. Kila mraba una aina yake ya mimea, na kila aina ina namba inayosema majani yake yanaweza kula hewa ya ukaa kwa kasi gani. Wakiijua namba hiyo, wanaweza kukisia hewa ya dunia itakuwaje wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Namba za misitu ya Afrika zilikuwa chache mno, nyingi za kubahatisha. Yetu ingekuwa miongoni mwa za kwanza zilizopimwa kwa mkono.

Nilimtafsiria Mzee Shekiondo. Akautazama mchoro kwa muda.

"Mraba wetu ni upi?"

Dokta akauonyesha. Ulikuwa mraba mmoja uliomeza Lushoto, Korogwe na mkonge wake, tambarare ya Wamasai, na kipande cha bahari.

"Na ukungu wetu wameuweka wapi?" akauliza Mzee.

Nikatafsiri. Dokta akacheka kwa aibu, akasema ukungu bado. Nampa sifa kwa hilo, hakudanganya.

Miaka ile nilikuwa na furaha, ni lazima niseme. Wenzangu walikuwa wakingoja orodha. Mimi nilikuwa juu ya mti, napima kitu ambacho dunia ilikihitaji. Dokta alikaa nasi mwaka wa kwanza, kisha akarudi kwao, akituachia kazi na chombo. Kila mwezi tulituma karatasi za namba kwa posta. Mzee alishika kikasha kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Mimi nilivaa mtambo shingoni na kuandika.

Ilikuwa mwaka wa pili, kipupwe kikianza, asubuhi ya jua kali baada ya siku nyingi za ukungu. Mzee alikuwa amepanda haraka na alihema. Akabana jani, nami nikangoja namba ishuke. Ikapanda. Nikamwambia abane jingine. Ikapanda tena, halafu ikaanza kushuka polepole kadiri alivyotulia. Mzee alinitazama nikifuta na kuandika upya.

"Naomi," akasema, "hiki kikasha kinanisikia mimi."

"Kinakusikiaje, Mzee?"

"Nyamaza uone." Akaziba pumzi. Namba ikashuka vizuri, kama inavyotakiwa. Akapumua juu ya kikasha. Namba ikasimama, ikapanda. Akarudia mara tatu. Kisha akasema, "Toa jani. Weka karatasi."

Nilichana kipande cha fomu ya zamani nikakibana. Karatasi haili hewa wala haitoi. Namba ilipaswa kukaa palepale. Tulipumua kama kawaida, na namba ikapanda. Nilifungua taya nikazichunguza. Ile sponji nyeusi ya kuzibia kingo ilikuwa imelika, imekauka na kuwa ngumu kama ganda la mkate, na upande mmoja kidole changu kidogo kilipita bila shida. Hewa ya nje ilikuwa inaingia, na ya nje iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ile tuliyoitoa mapafuni mwetu.

Nilirudi nyuma kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Tangu kiangazi kasi ya miti kula ilikuwa imeshuka, na mimi nilikuwa nimeandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, "miti imechoka kwa ukame". Miti haikuwa imechoka. Msimu mzima tulikuwa tunapima pumzi zetu. Na karatasi zote za msimu huo zilikuwa zimeshatumwa.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, sikilizeni. Kila asubuhi, kabla ya jani la kwanza, bana karatasi. Mtu akikuambia unapoteza muda, mwambie Naomi alipoteza zaidi.

Tulishuka tukaenda moja kwa moja kwa Bwana Mhina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha na kituo kinachomfia mikononi. Alisikiliza, akafunga mlango, akasema, "Dokta anakuja wiki ijayo. Anakuja kuamua mradi ubaki hapa au uhamie nchi nyingine. Mnajua mradi ukiondoka kinachobaki hapa ni nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni mimi na bendera," akasema. "Chombo ni kizima. Sponji tutaitafuta polepole."

"Lakini namba zilizokwenda si za kweli, Bwana Mkuu," Mzee akasema.

"Mzee Shekiondo, kazi yako ni kupanda."

Tulipotoka nje, Mzee akaniambia, "Yeye amekataa. Dokta tutamwambia wenyewe. Mimi nitasema, wewe utampelekea." Nikaitika. Niliitika kwa moyo, mjue hivyo. Nyumbani nilikuwa na mama aliyeanza kuugua na wadogo zangu wawili walionitegemea, na kila nilipopita ofisini niliona karatasi mezani kwa Bwana Mhina nikidhani ni orodha. Lakini niliitika.

Dokta Annika alifika siku ya ukungu. Tulipanda wanne: yeye, Bwana Mhina aliyekuwa hajawahi kupanda jukwaa lile tangu lijengwe, Mzee na mimi. Alipima majani mawili mwenyewe, akiwa ameinama mbali na kikasha kama alivyozoea. Mzee alifungua kinywa kutaka kusema, Dokta akaona. Akanigeukia, akasema kwa Kiingereza nimuulize Mzee kama chombo kina tatizo lolote, kwa maana yeye ndiye anayekishika.

Nikamuuliza.

Mzee akasimama wima, akavua kofia. "Mwambie chombo kinavuja. Mwambie sponji imekwisha tangu kiangazi, na pumzi zetu zinaingia ndani. Tuliweka karatasi, karatasi ikapumua. Mwambie namba za msimu ule azitupe, tutapima upya."

Aliyasema polepole, ili nisipoteze neno. Bwana Mhina alikuwa ameshika nguzo ya jukwaa, ananitazama mimi, si Mzee. Hakukunja uso, hakunitishia. Alitazama tu, kama mtu anayengoja kuona ataandika jina gani.

Nikamgeukia Dokta, na kwa Kiingereza changu kizuri cha shule nikasema: Mzee anasema chombo ni kizuri, ila kikilowa kinakuwa kizito mkononi, angependa kupata mkanda wa kukivalia begani.

Dokta akacheka kwa furaha. Akamshika Mzee bega, akamwahidi mkanda. Kisha akaanza kushuka, na Bwana Mhina akamfuata.

Mzee hakuvaa kofia yake. Tulishuka, tukabeba vitu, tukaifuata njia ya kutokea Magamba. Kwenye kijito cha kwanza akasimama.

"Naomi, mkanda sikuuomba."

Nilitua mzigo chini. "Mzee, kumbe unasikia Kiingereza?"

"Nimebeba mizigo ya Waingereza wa misitu tangu sijaota ndevu. Kusikia nasikia. Kusema ndiko kunakonishinda, maneno yanatoka yamevunjika, watu wanacheka. Ndiyo maana nilikukabidhi wewe."

Nikasema nisamehe, Mzee. Nikasema niliogopa. Nikaanza kumwambia habari za mama na wadogo zangu, habari alizokuwa anazijua kuliko mimi. Akanisikiliza hadi mwisho, akavuka kijito, akaendelea kutembea. Hakunijibu siku ile wala siku zilizofuata. Alifanya kazi, alishika kikasha, na alipohitaji kuniambia kitu alisema maneno mawili au matatu.

Mradi ulibaki Lushoto. Orodha ya pili ilisomwa uwanjani kabla ya vuli. Jina la Mzee Shekiondo lilikuwa la kwanza. Bwana Mhina aliyasikia maneno yake kule jukwaani kama nilivyoyasikia mimi, na katika kituo chote ndiye pekee aliyeyajibu. Mzee alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu kwa heshima, apewe chai na hotuba kama mliyonipa. Badala yake alikabidhi kamba na mundu kwa mtunza stoo, akadai asainiwe kwamba amevirudisha, akapanda basi dogo la Lukozi, kwao. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha mimea. Niliona mgongo wake dirishani. Sikutoka.

Muda si mrefu baadaye lilikuja furushi kutoka kwa Dokta. Ndani kulikuwa na sponji sita mpya. Hakuna aliyekuwa ameziagiza. Barua yake ilisema sponji hizi huchakaa, zibadilishwe kila msimu, samahani nilisahau kuwaambia. Angeambiwa siku ile asingekasirika hata kidogo, angejilaumu yeye. Chini ya sponji kulikuwa na mkanda wa ngozi, na kikaratasi: kwa ajili ya Mzee. Bwana Mhina alinikabidhi mimi. Niliuvaa miaka mingi. Ulikuwa mkanda mzuri, haukuwahi kukatika.

Kwa sponji mpya kasi ya miti kula ilipanda ghafla. Bwana Mhina aliandika kwenye taarifa kwamba mvua zilikuwa nzuri. Mimi niliichapa taarifa hiyo, kwa kuwa mpiga chapa tulikuwa hatuna.

Niliwafundisha wapandaji wengine, wawili wakiwa wazuri na mmoja akianguka na kuvunjika mkono kwa kutogonga mti kabla. Nilikwenda semina. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza jinsi msitu wa milima yetu unavyokula hewa ya ukaa, nikionyesha vidoti kwenye mchoro, na katika vidoti hivyo vilikuwemo vile vya chini, vya msimu ule. Mara moja mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini vile viko chini. Nikamjibu: ukame. Nilijibu bila kumeza mate. Mtu huzoea.

Lukozi si mbali. Ni safari ya asubuhi, unakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sikwenda. Siku moja ya gulio nilipelekwa huko kikazi, nikamwona Mzee upande wa pili wa barabara, anasimamia viazi vyake vikipakiwa kwenye lori. Alikuwa amekonda, lakini amesimama wima vilevile. Nilijificha nyuma ya magunia ya kabichi, mimi mtu mzima mwenye mkoba wa ofisi, hadi lori likaondoka. Mama mwenye kabichi akaniuliza kama nadaiwa. Nikamwambia ndiyo.

Bwana Mhina alipostaafu ndipo nilipopata ujasiri. Andikeni hilo kama lilivyo: ujasiri wangu ulingoja pensheni ya mtu mwingine. Nilimwandikia Dokta Annika barua ndefu, kwa mkono. Nikamweleza sponji, karatasi, na Mzee alivyosema, na nilivyosema mimi. Nikamwambia msimu upi, kurasa zipi. Nikamwambia Mzee alifukuzwa kwa sababu ya maneno ambayo yeye hakuyasikia. Niliposti barua nikawa sili. Nilidhani nimebomoa kazi ya watu maisha yao yote. Niliwaza ile dunia ya ndani ya kompyuta, mvua zake na pepo zake, ikianguka kwa sababu yangu.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Dokta alikuwa amezeeka hata kwenye mwandiko. Alinishukuru. Alisikitika sana kwa ajili ya Mzee, na naamini alisikitika. Kisha akaeleza kwamba waliondoa namba zote za msimu ule, wakaiendesha modeli upya kutoka mwanzo. Namba zetu zilikuwa zimeunganishwa na za misitu mingine mingi ya nchi za joto, zikawa wastani mmoja. Matokeo ya dunia hayakubadilika. Alinitumia mchoro uthibitishe, mistari miwili, mmoja wenye namba zetu mbovu na mmoja usio nazo. Niliutafuta mstari wa pili nikashindwa kuuona. Ulikuwa umefunikwa wote na wa kwanza. Chini aliandika nisijilaumu, hakuna madhara yaliyotokea.

Nilikaa na mchoro ule siku tatu. Siku ya nne nilipanda gari kwenda Lukozi.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, analima mitaro ya viazi. Mkewe alinipokea, akanikaribisha kigoda, akamwita. Alikuja akifuta mikono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yalipotea. Nikamwambia nimemwandikia Dokta kila kitu. Nikamwambia amejibu. Nikamsomea barua, nikiitafsiri Kiswahili neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza, huku nikijua kwamba haitaji tafsiri yangu. Nikampa mchoro. Akausogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Mistari miwili, umesema. Wa pili uko wapi?"

"Uko chini ya huo, Mzee. Inafanana."

Akapitisha kidole juu ya mstari, pole pole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anatafuta ufa.

"Kwa hiyo siku ile ungesema nilichokutuma, hii dunia yao isingetikisika."

"Isingetikisika, Mzee."

"Mradi ungebaki."

"Nadhani ungebaki. Dokta asingekasirika."

"Na mimi ningebaki."

Niliitikia kwa kichwa tu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakujua aniletee au arudi nacho ndani.

Mzee akakunja mchoro kufuata mikunjo yake ya mwanzo, akanirudishia. "Nilidhani uliniuza kwa kitu kikubwa," akasema. Hakusema kwa hasira. Akachukua jembe lake.

Nilikaa kidogo, nikanywa chai kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa, hata awe mgomvi wako, angalau hadi barabara inapoonekana. Mkewe alijifunga khanga yake vizuri, akaanza kutoka nami. Mzee hakuinua kichwa kutoka mtaroni.

"Mwache," akasema. "Njia anaijua."

Mama yule akasimama. Nikashuka peke yangu hadi kituo cha mabasi, na kesho yake asubuhi nikaripoti kazini kama kawaida.